Anachofanya Baada ya Kupigwa

Waulize watu wa mazoezini mjini Morogoro ni kijana gani ana ngumi, na wengi watakutajia yule aliyemyumbisha mwenzake wiki iliyopita. Jibu lao lina sababu. Konde zito husikika hadi barabarani, na hata asiyejua ngumi hutambua kwamba hilo limeingia. Lakini kwa kijana mwenye miezi miwili mitatu ya mazoezi, konde lililoingia linasema machache mno kuhusu atakakofika. Naamini tunawapima vijana wetu mapema na tunawapima vibaya, na kipimo hicho kinawaumiza aliyepiga na aliyepigwa pia. Anayesifiwa huharakishwa kupanda ulingoni kabla hajajua kujilinda. Anayechekwa haonekani tena wiki inayofuata.

Hapa Morogoro, mji kasoro bahari, jambo hili lina uzito wake. Francis Cheka aliishi na kufanya mazoezi Morogoro, na tarehe 30 Agosti 2013, jijini Dar es Salaam, akamshinda Mmarekani Phil Williams na kutwaa mkanda wa dunia wa WBF. Baadaye akaja Twaha Kassim, huyu ambaye wote tunamwita Twaha Kiduku, aliyemshinda Abdallah Pazi, yaani Dullah Mbabe, mwaka 2020 na tena 2021, katika mapambano yaliyowafanya watu wa Morogoro watembee kifua mbele machoni pa watu wa Dar. Tangu hapo kila anayefundisha ngumi chini ya mwembe, awe Kihonda, Mji Mpya au Mazimbu, anamtafuta Cheka mwingine. Na anayetafuta kwa hamu kubwa huona anachotaka kukiona.

Ulingo wa mazoezi ninaouzungumzia mara nyingi hauna kamba. Ni kipande cha ardhi kilichofagiliwa, na mpaka wake ni duara la vijana waliosimama wakisubiri zamu. Gunia limejazwa matambara na mchanga, likaning'inizwa kwenye tawi. Glovu za aunsi 16 ni jozi mbili, pengine tatu, na jioni moja zinapita mikononi mwa watu wanane, kwa hiyo wa mwisho anaingiza mkono ndani ya kitu kilichokwisha kulowa na kulegea. Wanaokuja ni waendesha bodaboda, mafundi seremala, wanafunzi wa chuo kikuu, na vijana walioshuka kutoka Kinole na Mgeta kutafuta maisha mjini. Kila mmoja analetwa na mwili wake na historia yake, kisha wote wanawekwa mbele ya mtu wa kuwapiga na kuambiwa waonyeshe walichonacho.

Tuanze na yanayotokea mwilini, maana hapo ndipo hukumu nyingi zinapopotea. Mtu ambaye hajawahi kupigwa usoni kwa mpango hufumba macho konde linapokuja. Macho ya binadamu yameumbwa hivyo. Hugeuza uso pembeni, huinua kidevu, hunyoosha mikono yote miwili mbele akisukuma. Mabega hupanda karibu na masikio. Na la ajabu zaidi, huacha kupumua. Hajui kwamba ameacha. Amebana pumzi tangu kengele ilipolia, anaitoa kidogo tu anaporusha ngumi, na dakika moja na nusu haijaisha mikono imekuwa mizito asiweze hata kuilinda taya.

Hapo ndipo waliozunguka husema, "Huyu hana pumzi." Nimelisikia neno hilo likisemwa juu ya vijana wanaopanda mpaka Morningside asubuhi bila kusimama, vijana waliokua wakishuka mteremko wa Uluguru na mkungu wa ndizi kichwani, kisha wakapanda tena kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Pumzi wanayo tele. Walichokosa ni kuzoea kupumua huku mtu anawatafuta uso, na hilo hujifunzwa. Wiki sita za sparingi ya taratibu, yaani kupigana kwa mazoezi, na kijana yuleyule anamaliza raundi tatu huku anazungumza. Kocha aliyemwandika kuwa hana pumzi siku ya kwanza alikuwa anaangalia woga, akauita mapafu.

Sifa za uongo nazo zina sura yake. Kijana aliyezoea ugomvi wa mtaani huingia kwa kasi, anarusha makonde mapana kutoka kiunoni, na mwenzake, ambaye naye ni mgeni, anarudi nyuma hadi anakanyaga miguu ya watazamaji. Duara linashangilia. Lakini tazama kilichotokea: mmoja amekimbia, mwingine amemfuata. Hakuna aliyempokea yule mshambuliaji kwa kushoto ya kunyoosha, hakuna aliyemzungukia pembeni, hivyo hatujui atafanya nini siku atakayomkuta mtu asiyerudi nyuma. Ongeza tofauti ya uzito. Kwa kuwa watu ni wachache, mwenye kilo 75 anapewa mwenye kilo 60, na tofauti hiyo ya kilo inageuka kuitwa kipaji. Ongeza pia umri, maana kijana wa miaka 19 akimzidi nguvu wa miaka 16, kilichoshinda ni miaka mitatu.

Basi tuangalie nini? Nitaeleza jioni moja pale Mazimbu, kwa sababu ilikuwa na kila kitu ndani yake. Vijana wawili, uzito sawa, wote wageni. Mmoja alikuwa anarusha mkono wa kulia kama nilivyoeleza, mpana, kutoka mbali. Raundi ya kwanza mwenzake alilipokea konde hilo puani mara mbili. Mara ya kwanza aligeuza uso wote na kumpa kisogo, kosa ambalo mwamuzi angelisimamishia pambano. Machozi yakamtoka, yale yanayotoka yenyewe pua ikiguswa. Mara ya pili hakugeuka. Alifumba macho tu, akarudi hatua moja, miguu yake ikiwa bado chini yake. Walipopumzika hakumtazama aliyempiga wala hakututazama sisi. Alikuwa anaangalia chini, mkono wake wa kushoto unapanda na kushuka kidogo kidogo, kama anayepima kimo cha kitu. Raundi ya pili, konde lilipokuja tena, glovu yake ya kushoto ilikuwa shavuni. Ilikaa vibaya, imekunjika, na konde likampata sikioni. Raundi ya tatu ikakaa vizuri, na akajaribu kurudisha mkono wa kulia. Akakosa kabisa, akapepesuka.

Kwa hesabu ya makonde alipoteza raundi zote tatu. Walioondoka pale waliondoka na jina la yule mwingine. Lakini kijana mmoja, katika muda wa dakika tisa za kupigana, alikuwa ametambua konde linatoka upande gani, akatafuta dawa yake mwenyewe bila kuambiwa, ikashindwa, akairekebisha, kisha akathubutu kujibu. Mwenzake alirusha konde lilelile mwanzo hadi mwisho, kwa njia ileile, na lilipoacha kufika alilirusha kwa nguvu zaidi. Kama ningeombwa siku hiyo niweke matumaini yangu kwa mmoja wao, nisingesita.

Ninachokitafuta, kwa hiyo, ni mabadiliko. Nataka kuona raundi ya tatu ina nini ambacho raundi ya kwanza haikuwa nacho, na sparingi ya tano ina nini ambacho ya kwanza haikuwa nacho. Nataka kuona macho yanarudi wapi baada ya kupigwa: kwa mpinzani, kwa kocha, au chini kwa aibu. Natazama miguu kuliko mikono, kwa sababu kijana aliyepigwa na bado miguu yake haijapishana ana msingi ambao kufundisha kwake huchukua mwezi mzima kwa wengine. Natazama kama anasikia. Kocha akimwambia "shusha kidevu", je, kidevu kinashuka kwa sekunde kumi zinazofuata, au maneno yamepita hewani? Kichwa kilichofurika hofu hakisikii, na kinachoanza kusikia mapema ni kichwa kinachotulia mapema. Na natazama anavyomtendea aliye dhaifu kuliko yeye. Anayempunguzia mtoto mdogo nguvu za konde, akalirusha kwa kasi ileile ila akalishika mwishoni, ana udhibiti wa mkono wake. Wengi hawajui kwamba hicho nacho ni kipaji.

Wapo watakaonijibu kwa kisa cha Mike Tyson. Alikuwa mtoto wa miaka 13 hivi, yuko kwenye shule ya watoto waliopatikana na makosa katika jimbo la New York, mwalimu wake Bobby Stewart alipompeleka Catskill kwa mzee Cus D'Amato. Stewart, bondia wa zamani, akapigana naye mazoezi mbele ya mzee. Pua ya mtoto ikatoka damu, ikasemwa waishie hapo, Tyson akaomba raundi iliyobaki imalizwe. D'Amato akatamka palepale kwamba huyu atakuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Tarehe 22 Novemba 1986, akiwa na miaka 20, Tyson alimwangusha Trevor Berbick katika raundi ya pili na unabii ukatimia, ingawa mzee alikwisha kufariki mwaka mmoja kabla.

Kisa ni cha kweli, ila husimuliwa nusu. Kwanza, Tyson hakuwa mgeni siku ile. Stewart alikuwa amemfundisha tangu kule shuleni, kwa hiyo D'Amato aliona matunda ya kazi ya mtu mwingine. Pili, aliyemjaribu alikuwa mtu mzima mwenye ufundi, aliyejua kumpa mtoto konde la kutosha kumuuliza swali bila kumvunja. Tatu, na hili ndilo linalosahaulika zaidi, baada ya kutamka unabii wake D'Amato hakumpeleka popote. Alimchukua akakaa naye nyumbani kwake, akamfundisha, akampitisha kwenye ngumi za ridhaa, na pambano la kwanza la kulipwa lilikuja Machi 1985, miaka ipatayo mitano baadaye. Mwenye jicho kali kuliko wote alisubiri miaka mitano. Sisi tunaona konde moja la kulia Jumamosi, na mwezi ujao kijana yuko kwenye bango.

Swali la nani anamjaribu kijana ndilo linalonisumbua zaidi kuhusu mazoezi yetu. Mpinzani wa sparingi ndiyo mizani yenyewe. Mizani ikiwa mbovu, uzito utakaousoma ni wa uongo. Kuna kawaida ya zamani, bado ipo sehemu nyingi, ya kumpokea mgeni kwa kumwingiza na mkongwe ili "aonje". Akirudi kesho, wanasema ana moyo. Hiyo ni sawa na kumtupa mtu mtoni Ngerengere wakati wa masika ili ujue kama atakuja kuwa mwogeleaji. Wanaorudi kesho yake baadhi ni wenye moyo kweli, baadhi hawana mahali pengine pa kwenda, na baadhi wameumia wasijijue. Na miongoni mwa wasiorudi wapo waliokuwa na miguu mizuri, macho mazuri, na akili ya kutosha kuona kwamba mahali pale hapakuwa na mtu wa kuwafundisha.

Mazimbu ina historia yake ya kuwapokea vijana ambao kipimo cha siku ya kwanza kingewadhulumu. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa ANC eneo hili, lililokuwa shamba la mkonge, wawasomeshe vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya Soweto kulipuka Juni 1976. Shule ikaanza mwaka uliofuata, ikaja kubeba jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Waliofika hapa walikuwa wamelelewa na sheria ya mwaka 1953 iliyowapangia Waafrika elimu duni kwa makusudi, na wengi walikuwa wamepoteza miaka ya masomo kwa migomo na ukimbizi. Ukimpa kijana wa namna hiyo mtihani wa hisabati asubuhi ya kwanza, utapima alichonyimwa. Ndiyo maana Dakawa, kambi nyingine ya ANC mkoani humu, kuliwekwa mafunzo ya maandalizi kwa wageni kabla hawajaingia madarasani Mazimbu. Majengo ya Mazimbu yalikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992 na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mwalimu wa ngumi anayefundisha jirani na majengo hayo ana mfano karibu yake: waandae kwanza, kisha wapime.

Kwa ngumi, maandalizi hayo si mageni kwa makocha wazuri. Wiki za kwanza kijana anarusha kushoto tu na mwenzake anazuia tu, kisha wanabadilishana. Halafu wanapigana kwa kulenga mabega na tumbo, uso ukiachwa. Halafu uso, kwa nguvu za robo, na mtu mzima amesimama katikati. Kijana akipitia hayo macho yake yanazoea, pumzi inarudi mahali pake, na hapo ndipo sparingi ya kweli inaanza kuonyesha tofauti kati ya mtu na mtu. Gharama yake ni muda tu.

Na kuna jambo ambalo linanifanya niseme haya kwa sauti. Sparingi inaweza kuharibu kile inachokipima. Glovu kubwa inapunguza makali ya konde kwenye ngozi, kinga ya kichwa inazuia kuchanika, lakini ubongo ndani ya fuvu unatikisika vilevile. Chama cha dunia cha ngumi za ridhaa kiliziondoa kinga hizo kwa mabondia wakubwa wa kiume mwaka 2013. Kwenye mashindano ya ridhaa, aliyepigwa kichwani hadi pambano likasimamishwa huzuiwa kupigana kwa siku zisizopungua 30, na sparingi imo ndani ya katazo hilo. Mazoezini kwetu hakuna daktari wala karatasi. Kijana anayumba Jumanne, Alhamisi amevaa glovu tena kwa sababu anataka kuonyesha kwamba hakuogopa, na kocha anasifu moyo wake. Robert Wangila wa Kenya alikuwa bingwa wa Olimpiki ya Seoul ya 1988, mtu mwenye mafunzo na uzoefu, na bado alifariki mwaka 1994 baada ya pambano mjini Las Vegas. Kama ngumi zinaweza kumfanya hivyo bingwa, kijana wa miezi miwili hatuna haki ya kumfanyia majaribio.

Kuharakisha kuna sababu ya kiuchumi, nami siidharau. Ngumi za kulipwa zinatoa pesa usiku uleule, hata kidogo, na waandaaji wanahitaji watu wa mapambano ya utangulizi. Ngumi za ridhaa zinatoa medali. Lakini tukihesabu medali hizo tunaona walimu wa zamani walijua walichokifanya: Titus Simba alileta fedha kutoka Edinburgh mwaka 1970, Michael Yombayomba akaleta dhahabu kutoka Kuala Lumpur 1998, na mwaka 2022 Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike wakaleta shaba kutoka Birmingham, zote katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Raundi tatu za ridhaa, mbele ya waamuzi na daktari, dhidi ya mtu wa uzito wako, ni kipimo kizuri kuliko sparingi yoyote ya uwanjani kwetu.

Hata waliobobea hukosea. Septemba 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham kupigana na Sam Eggington, na Waingereza wengi walimhesabu kuwa mtu wa kupasha misuli ya mwenyeji. Alimmaliza raundi ya pili. Cheka naye, alipoinua mkanda ule wa 2013, alikuwa na vipigo kadhaa kwenye rekodi yake. Mtu aliyemwona usiku wa kimojawapo cha vipigo hivyo angeweza kuapa kwamba hafiki mbali. Hao walikuwa mabondia kamili wenye mapambano yanayojulikana, na bado jicho la wataalamu liliwapita. Sembuse mtoto wa sparingi tatu.

Kwa kocha anayenisoma, ombi langu ni daftari. Baada ya kila sparingi andika jambo moja tu kuhusu kila kijana: alichofanya leo ambacho hakukifanya mara iliyopita, au kosa lilelile lililorudi. Usiandike nani alimshinda nani. Andika uzito wa wote wawili. Andika pia kama kichwa kilimuuma kesho yake, na umuulize mwenyewe, kwa faragha, maana mbele ya wenzake atakataa. Baada ya miezi mitatu ya kurasa hizo utaweza kukaa na mzazi aliyekuja kuuliza kama mwanawe ataweza, ukamjibu kwa unachokijua.

Na wapo ambao jibu litakuwa hapana, ni lazima wapewe jibu hilo. Yule ambaye baada ya maandalizi yote bado anampa mpinzani kisogo kila anapoguswa, yule ambaye maumivu ya kichwa hayaondoki, yule anayekuja kwa sababu baba au kaka ndiye anayetaka. Hawa waambiwe mapema, wakiwa peke yao na kocha, na waelezwe kwamba milango mingine iko wazi: kukimbia, kusimamia kona, kujifunza uamuzi. Mwenye maumivu ya kichwa apelekwe hospitali kwanza, glovu zake apewe mwingine jioni hiyohiyo.